MUULIZE DOKTA: Mbona mwenzake katoka siku ya nne, mama mkubwa bado yupo wodini?

*Shikamoo dokta. Mama yangu mkubwa ana miaka 61, kafanyiwa oparesheni ya utumbo. Walituambia utumbo mpana umejisokota, wakakata kipande wakaunganisha, yaani aliingia thieta usiku uleule tuliofika, tumbo limevimba limekaza na choo alikuwa hajapata siku kadhaa. Leo siku ya tisa bado yupo wodini. Kitanda cha pili kulikuwa na bibi mmoja naye wa utumbo, umri kamzidi, kaingia nyuma yetu na siku ya nne kapewa ruhusa kaondoka. Ndugu wameshaanza maneno, wengine eti hospitali inavuta bima, wengine eti oparesheni imeharibika tunafichwa, na mjomba anataka tumtoe kwa nguvu. Nini hasa kinafanya huyu akae na yule aondoke? – Binti, Tabora*

Marahaba binti, pole sana kwa kuuguza. Kwanza mwambie mjomba asimtoe mtu, tafadhali, mengine tutaongea.

Hao wagonjwa wawili walishatofautiana kabla hata kisu hakijagusa ngozi. Yule bibi nina hakika karibu yote alikuwa amepangiwa tarehe, damu imepimwa, presha na sukari zimewekwa sawa, kaingia thieta na nguvu zake. Mama mkubwa kaingia kwa dharura, utumbo umejaa na kutanuka, mwili umekaukiwa maji, chumvi za mwilini zimevurugika, siku kadhaa hajala cha maana, na ukijisokota kuna wakati kipande kinakosa damu mpaka kinaanza kufa. Anayepasuliwa kwa dharura hukaa wodini muda mrefu kuliko aliyepangiwa, hiyo ni kila mahali duniani, Ulaya hadi hapa kwetu, kwahiyo hata umri wa yule bibi haukuwa na neno sana hapo.

Halafu kuna utumbo wenyewe. Ukishikwashikwa na kukatwa unalala, hausukumi kitu. Utumbo mwembamba unaamka mapema, mara nyingi ndani ya siku moja, tumbo la chakula siku moja hadi mbili, utumbo mpana ndio mvivu, siku mbili tatu na wakati mwingine zaidi. Ukichelewa kuamka mgonjwa anajaa tumbo, anatapika, mpira wa puani wa kutoa uchafu tumboni unarudishwa, na ruhusa inasogea mbele. Ndo maana manesi wanauliza kila asubuhi "umejamba?" na watu wanaona aibu kujibu. Jibuni jamani, hakuna swali la maana kuliko hilo wodi ile!

Sasa kinachouchelewesha kuamka ni vitu vingi na baadhi vinatoka kwetu sisi watoa huduma. Mofini na pethidini zinatuliza maumivu vizuri ila zinaufunga utumbo, kwahiyo siku hizi tunachanganya na panado na dawa nyingine ili mofini iwe kidogo. Potasiamu, moja ya zile chumvi za mwilini, ikishuka, utumbo unalegea. Kulala tu kitandani nako hakusaidii. Na dripu, hapa nitakaa kidogo maana ndugu wengi wakikuta dripu imetolewa wanaona mgonjwa kasahauliwa. Mwaka 2002 madaktari wa Nottingham, Uingereza, walichukua wagonjwa 20 waliokatwa utumbo mpana kwa kupangiwa, nusu wakapewa maji ya mshipani kwa kiwango cha kawaida cha enzi hizo, lita 3 na zaidi kwa siku na chumvi nyingi, nusu wakapewa yasiyozidi lita 2 na chumvi nusu yake. Waliopewa mengi matumbo yao yalichelewa kuamka, wakakaa siku 9 kwa kawaida, wenzao siku 6. Maji na chumvi vikizidi mwili unavimba na utumbo nao unavimba humohumo ndani. Si kwamba dripu ni mbaya, mama mkubwa alivyofika amekauka aliihitaji kweli, ila akishaweza kunywa mwenyewe kuitoa ni hatua nzuri, msigombane na nesi.

Watu wanadhani ukubwa wa kidonda ndio unaamua kila kitu. Unachangia, wanaopasuliwa kwa matundu madogo na kamera kwa kawaida hutoka mapema. Lakini kuna daktari wa Denmark, Henrik Kehlet, mwaka 1999 yeye na mwenzake waliandika kuhusu wagonjwa 16 waliofunguliwa tumbo kabisa wakakatwa utumbo mpana, na wengi wakatoka baada ya siku 2, wakati huo wiki na zaidi lilikuwa jambo la kawaida tu. Hakukuwa na muujiza: ganzi ya mgongoni ya kutuliza maumivu, mofini kidogo, mpira wa puani haubakizwi baada ya oparesheni, kunywa na kula mapema, kutembea mapema. Na wenyewe baadaye waliona wamekimbiza mno, mgonjwa akipangiwa siku 2 karibu mmoja kati ya watano alirudi hospitali, walipopanga siku 3 ikashuka ikawa kama mmoja kati ya tisa. Kwahiyo kutoka haraka sio ushindi wenyewe, ukirudi kesho kutwa na ambulansi umefaidi nini.

Tukirudi kwa mama mkubwa, siku ya tisa kwa aliyeingia kwa dharura hainishtui peke yake. Nitakachotaka kujua ni anaelekea wapi. Kama kila siku anakula zaidi kidogo na anatembea, hata iwe siku ya kumi na mbili sina shida. Kama jana alikuwa na nafuu leo homa imepanda, mapigo yanaenda mbio, tumbo linauma upya na kujaa, hapo nawaza pale walipounganisha pamevuja. Mara nyingi hilo hujitokeza kati ya siku ya tano na ya saba, wakati mwingine baada ya hapo, linahitaji daktari saa hiyohiyo na sio raundi ya kesho. Mengine ya kawaida ni kidonda kutunga usaha, hasa tumbo likiwa lilichafuka ndani, au kifua kuingia nimonia sababu anaogopa kukohoa. Mshikishe mto tumboni akohoe.

Na zipo sababu ambazo hazina dawa. Mgonjwa kapona ila bili haijakamilika, au kwao ni mbali barabara mbovu na daktari anaogopa kumruhusu, au kawekewa kifuko cha choo tumboni na hakuna aliyemfundisha kukibadilisha. Hizo siku zinahesabika zilezile.

Kesho kwenye raundi msiulize "anatoka lini", ulizeni "nini kinamzuia asitoke leo?" Jibu linatakiwa liwe kitu unachokielewa, mfano bado anatapika, hajajamba, homa, maumivu hayatulii kwa vidonge, hawezi kwenda chooni mwenyewe. Ukijibiwa "tunaangalia tu" siku tatu mfululizo, omba kuongea na daktari bingwa, hiyo ni haki yenu na bima haina uhusiano wowote hapo.

*Dokta mambo vipi. Baba ana kansa ya utumbo mpana, upasuaji ni mwezi ujao, anavuta sigara na damu wamesema ipo chini. Tufanye nini asikae sana hospitali? – Kijana, Mombasa*

Poa. Mna bahati mna mwezi. Sigara aache leo, sio wiki ya mwisho, mapafu na kidonda vinahitaji kama wiki nne kuona faida. Damu msingoje, kansa hii huvuja damu taratibu bila kuonekana, rudini kliniki mumuulize daktari atatibuje upungufu kabla ya tarehe, vidonge vya madini ya chuma au ya mshipani. Mayai, samaki, maharage, maziwa kila siku, na atembee jioni mpaka ahemeke kidogo. Kama ana kisukari kidhibitiwe kabla. Na muulizeni mtu wa nusu kaputi kuhusu kufunga, maana wengi bado wanalala na njaa na kiu tangu jioni wakati mgonjwa asiye na tatizo la tumbo kuchelewa kuisha anaruhusiwa maji au chai ya rangi mpaka masaa mawili kabla ya oparesheni, chakula kigumu ndio masaa sita kabla. Ila mfuate alichosema huyo wa kwenu, sio mimi wa kwenye gazeti.

*Eti bigijii inasaidia kujamba baada ya oparesheni?? – Msomaji, Kigoma*

Tafiti nyingine ziliona inaharakisha kidogo, nyingine hazikuona tofauti. Mdomo ukitafuna utumbo unadhani chakula kinakuja. Kama yupo macho vizuri na daktari hajakataza, mpe atafune, ni bei rahisi. Asiimeze tu.