Taa ya ABS haizimi: usikubali fundi achomoe balbu

Mkuu, umeuliza kama kuna ubaya kuendelea kutembelea hilo gari ulilotoa bandarini mwezi uliopita wakati taa ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisigande ukikanyaga breki) haizimi, maana fundi wako kasema "breki zinakamata, hiyo taa pambo tu". Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2022, nikayakubali.

Fundi wangu alifungua dashibodi, akachomoa balbu. Nikampa elfu kumi na ahsante juu. Miezi minne baadaye natoka Morogoro kuja Dar, nimeshaipita Chalinze, mvua inamwaga, bodaboda kabeba magunia ya mkaa akakatiza mbele yangu. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Tairi zikaganda, gari likateleza kama sabuni bafuni. Nakata usukani kulia, lenyewe linanyoosha tu.

Hapo ndipo nilipoielewa ABS, kwa kuikosa. Wengi tunadhani kazi yake ni gari lisimame haraka. Kazi yake hasa ni kukuachia usukani. Sensa inasoma mzunguko wa kila tairi. Moja ikitaka kuganda, mfumo unaiachia na kuikamata tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, ndiyo maana pedali hutetemeka mguuni. Tairi linalozunguka linakubali kukata kona. Lililoganda halikusikii. Na taa ile ikiwaka, breki za kawaida zinabaki ila ABS imejizima, kwa hiyo fundi wako hajakudanganya, kakwambia nusu.

Bodaboda alipona. Sisi tuliishia mtaroni. Mimi na mke wangu mbele tulifunga mikanda, tukatoka na michubuko. Mdogo wangu nyuma hakufunga (nani hufunga nyuma?), akarushwa kwenye kiti cha mbele, akavunjika mtulinga.

Fundi umeme aliyepima kwa mashine hakumaliza hata soda yake: sensa ya nyuma kushoto. Kuvua tairi, waya umekatika. Waliobadilisha beringi waliukata wakaacha unaning'inia. Kisha akanionyesha tairi zenyewe. Kashata (yale meno ya tairi) nene, zinang'aa, nilikuwa najisifia nazo. Ubavuni baada ya herufi za DOT kuna tarakimu nne: 2312. Wiki ya 23, mwaka 2012. Mpira umekuwa mgumu kama soli. ABS haitengenezi mshiko, inagawa ule uliopo.

Sasa la kwako. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za ABS na SRS (ya mifuko ya hewa) zinatakiwa ziwake, na kwenye gari nyingi ya SRS hujizima yenyewe baada ya sekunde chache, ya oili ikabaki. Ya ABS au SRS isipowaka kabisa, kuna mtu alishapita na bisibisi. Wajanja zaidi huunganisha SRS na taa ya oili zizime pamoja injini ikiwaka, mnunuzi asishtuke. Gari la hivyo huna uhakika kama mifuko ya hewa itafumuka, au hata kama ipo.

Ukienda gereji, mwambie pia akubadilishie mafuta ya breki. Watu humwaga oili ya injini kila baada ya kilomita elfu tano, ya breki wanayasahau mpaka yanakuwa kama chai ya rangi. Yananyonya unyevu. Mafuta ya breki aina ya DOT 3 (siyo ile DOT ya tairi) yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi joto 205 za Selsiasi au zaidi, yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye 140. Shuka mlima Kitonga na mafuta ya hivyo, mguu umeganda kwenye breki badala ya kutumia gia ndogo, uone pedali inavyozama mpaka kwenye kapeti.

Kwangu sensa ya mtumba pamoja na ufundi ilikula laki na ishirini. Kuvuta gari kutoka mtaroni tu ilizidi hapo, hospitali bado. Jaribu hiyo ya swichi kesho asubuhi, halafu rudi hapa useme taa zipi zimewaka.