Uhandisi wa kilimo: hapana mkuu, sio kozi ya kuendesha trekta

Mkuu umeuliza kama uhandisi wa kilimo na mifumo ya kibayolojia ni kozi ya waliokosa nafasi ya ujenzi au umeme, na kama utashinda juu ya trekta. Mimi nimeisoma hadi mwisho, ngoja nikwambie.

Trekta niliendesha mara tatu tu. Nilichofundishwa zaidi ni kuliogopa: ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine huenda mizunguko 540 kwa dakika, yaani 9 kila sekunde. Ukihisi shati limenaswa, umeshachelewa.

Miaka ya mwanzo utakaa darasa moja na wahandisi wengine: kalkulasi, mekanika, thamodinamiki. Hapo ndipo waliokuja wakidhani ni kilimo tu huanza kuhama.

Utamu unakuja baadaye, ukigundua kwamba kitu unachokipigia hesabu kiko hai. Chuma ukikiacha usiku, asubuhi unakikuta vilevile. Nafaka inapumua, inatoa joto, inaota ukungu. Kuna zoezi la kikaushio sijalisahau: tani moja ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 22, ishushwe hadi 13 ndipo iingie ghalani. Mimi fasta, 22 toa 13 ni 9, basi maji ya kutoa ni kilo 90. Karatasi ikarudi na wino mwekundu: "Kikavu ni kilo ngapi?" Kumbe kisichobadilika ni zile kilo 780 kavu. Unyevu ukiwa 13, kikavu ni asilimia 87 ya mzigo; gawanya 780 kwa 0.87, unabaki na mzigo wa kilo 897 hivi, kwa hiyo maji yanayotoka ni kilo 103. Kwenye mpango wangu mahindi yangeingia ghalani bado mabichi, na ukungu hausubiri usahihishe.

Maabara ya udongo inachosha, sikufichi. Vikopo vya udongo ndani ya oveni ya nyuzi 105, saa 24, unapima uzito ujue udongo ulikuwa na maji kiasi gani, unaandika, unarudia. Lakini bila hiyo namba huwezi kupanga umwagiliaji, na umwagiliaji ndio unaonilisha mimi leo.

Ajira? Matangazo yenye jina la kozi yetu ni machache. Wenzangu wako kwenye pampu, usindikaji, mabanda ya mifugo, wengine vihisi vya shambani. Kwa hiyo likizo ya kwanza tu tafuta mahali wanapofungua pampu, hata kama kazi yako itakuwa kushika tochi.