Futi tatu za Jenerali Palmer

Swali la juma hili lilitaka tutaje uamuzi wa kibiashara uliokuwa sahihi siku ulipofanywa, ukaja kuwa mzigo. Mimi nataja geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya njia, ya reli ya Denver and Rio Grande, ya jimbo la Colorado, Marekani.

William Jackson Palmer, jenerali wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliianzisha mwaka 1870. Alichagua njia yenye upana wa futi 3, nyembamba hata kuliko reli yetu ya zamani ya mita moja. Mtaji ulikuwa mdogo, milima mikubwa. Njia nyembamba hupinda kona kali, ikaambaa na ubavu wa mlima pale ambapo reli pana ingedai mahandaki, na injini zake ni nyepesi na nafuu. Hesabu nzuri kabisa.

Shabaha ya Palmer ilikuwa kusini, Mexico. Mwaka 1878 kampuni ya reli ya Santa Fe ikamtangulia kwenye upenyo wa mlimani wa Raton. Kisha wakagombea Royal Gorge, korongo lenye nafasi ya njia moja tu, ambalo ndilo lililokuwa mlango wa kwendea madini ya fedha ya Leadville. Walikodi watu wenye bunduki huku mawakili wakivutana mahakamani. Suluhu ya 1880 ilimpa Palmer korongo, ikamfungia kusini. Akageukia magharibi: Silverton 1882 na, kwa kushirikiana na kampuni dada ya Utah, Salt Lake City 1883.

Huko ndiko geji ilikomgeuka. Reli jirani zilikuwa pana zaidi, hivyo behewa lao halikuweza kuingia kwake, wala lake kutoka. Shehena ilishushwa na kupakiwa upya, na vibarua hawafanyi kazi bure. Mwaka 1890 njia kuu ya kuvuka milima, kupitia Tennessee Pass, ikapanuliwa hadi geji ya kawaida, ile ya reli jirani.

Matawi ya mbali hayakustahili gharama hiyo, yakabaki na futi zake 3, na treni za mizigo zikakoma huko 1968. Mwaka 1970 majimbo ya Colorado na New Mexico yalinunua kilomita 103 kati ya Antonito na Chama; tawi la Silverton likauzwa 1981. Yote mawili bado yanapandisha watalii milimani kwa injini za mvuke. Tennessee Pass iliangukia mikononi mwa Union Pacific 1996, na mwaka uliofuata treni za mizigo zikaondolewa.