Maswali Yenu: Ugomvi wa friji, Mkenya namba 221, na makipa

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa Mwanza, niko Montréal mwaka wa kumi na nne sasa, na nyumbani kwangu hakukaliki. Kijana wangu ana miaka kumi na saba na ni mshabiki wa damu wa Canadiens, timu ya hoki ya barafu ya hapa mjini. Kila kiangazi, timu ikishachagua vijana wapya, anabandika kwenye friji orodha yake ya chipukizi bora. Mwaka huu kamweka Demidov wa kwanza, Hage wa pili, yule Mrusi mpya Zharovsky wa tatu, halafu Reinbacher kamtupa wa sita. Nikamwambia haiwezekani beki aliyechaguliwa namba 5, mwenye mwili wake, awe chini ya mtoto ambaye hata barafu ya huku hajaizoea. Akanijibu, “Baba, wewe unasoma namba, huangalii mchezo.” Sasa mezani tunapitishiana chumvi kimyakimya. Nani kati yetu ana haki? Na Lane Hutson mbona hayumo kabisa?
Baba wa Mwanza, Montréal

JIBU: Marahaba baba. Nianze na Hutson maana ni jepesi. Huyo si chipukizi tena. Msimu wa 2024-25 alicheza mechi zote 82, akatoa pasi za mabao 60, akamaliza na pointi 66 (kila bao na kila pasi ya bao ni pointi moja) na kuondoka na tuzo ya Calder, ile ya mchezaji mpya bora wa ligi. Kumweka kwenye orodha ya chipukizi ni kumwandikisha darasa la kwanza mtu ambaye watoto wake wako shule. Hapo kijana wako yuko sawa.

Sasa la Reinbacher. Wasomaji wa nyumbani wanivumilie kidogo: drafti tunayoizungumza si ile ya barazani ya kusukuma kete. Kila kiangazi timu 32 za NHL, ligi kuu ya hoki ya huku, huchagua vijana kwa zamu, mizunguko saba, wengi wao wakiwa na miaka 18. Kijana akishachaguliwa, haki zake ni za timu hiyo, lakini mara nyingi hurudi alikotoka, awe chuoni au Ulaya au kwenye ligi za vijana, akakaa huko miaka miwili, mitatu. Ni katika miaka hiyo ya kungoja ndipo watu tunapogombana.

Mimi ni mtoto wa Muheza. Kwetu mchuuzi wa machungwa hangoji chungwa liive. Anakuja shambani mti ungali na maua, anauzunguka mara mbili, anataja bei, analipa, anaondoka. Baba yangu mdogo alikuwa dalali wa biashara hiyo, na alikuwa akisema kuna wanunuzi wa aina mbili. Wa kwanza anatazama shina na udongo, anataka kujua kama maua yatashika. Wa pili anauliza mti huu mwaka juzi ulizaa machungwa matamu kiasi gani. Wakikaa pamoja chini ya mti mmoja hawaelewani mpaka jua linazama, kwa sababu kila mmoja anajibu swali la peke yake.

Ndivyo mlivyo wewe na mwanao. Wewe unauliza nani hatakosa kufika. Yeye anauliza nani akifika atatisha. Kwa swali lako, Reinbacher ni wa juu sana: beki wa Austria, mtulivu, haharibu paki, yaani kile kisahani cheusi wanachokigombea. Kwa swali la mwanao, Demidov hana mpinzani. Msimu wa 2024-25 alipata pointi 49 kule Urusi katika KHL, ligi ya watu wazima wenye ndevu, na hakuna kijana wa umri wake aliyewahi kufikisha hizo. Aprili 2025 akashuka Montréal, na katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Chicago, akafunga bao na kutoa pasi ya bao. Na jina lake siku ya drafti ya 2024 kule Las Vegas lilisomwa na Céline Dion mwenyewe! Siku hiyo nilisema huyu hata asipofunga, ameshaitwa vizuri.

Lakini kuna jambo lingine juu ya Reinbacher ambalo mwanao hatalikiri. Alipochaguliwa namba 5 mwaka 2023, Matvei Michkov, mshambuliaji wa Kirusi, alikuwa bado hajachukuliwa. Philadelphia wakamchukua namba 7, na msimu wake wa kwanza akawapa pointi 63. Kwa hiyo mshabiki wa Montréal akifika kwenye jina la Reinbacher, mkono unatetemeka. Hampimi Reinbacher, anapima uchungu wake wa Michkov. Kijana wa watu alitukanwa mitandaoni usiku uleule, kwa kosa la kuitwa. Halafu Septemba 2024 akaumia goti kwenye mechi ya maandalizi, akapasuliwa, akarudi Februari kucheza na Laval, timu ya pili ya Canadiens. Mtu aliyepoteza karibu msimu mzima huwezi kumshusha ngazi kwa sababu hukumwona. Mimi nimemweka wa tatu. Wa sita ni hasira.

Uchungu wa namna hiyo mji huu una kipaji nao. Ukipita mtaa wa Verdun utakuta uwanja wa barafu wenye jina la Denis Savard, kijana aliyekulia hapo hapo. Mwaka 1980 Montréal walikuwa na chaguo la kwanza, wakamchukua Doug Wickenheiser. Savard akaenda wa tatu, Chicago, huko akawa mtu wa kwenye majumba ya kumbukumbu. Kuna wazee mpaka leo, ukiwanunulia kahawa, watakusimulia siku hiyo kana kwamba wameibiwa ng’ombe. Savard baadaye aliletwa Montréal na akabeba nao Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, 1993, ila wazee hawataki kulisikia hilo. Linaharibu hadithi.

Msije mkadhani nawacheka. Nina daftari langu la mistari, la bei ya dola moja, ninamoandika orodha kila Julai tangu 2015, na ni aibu tupu. Mwaka 2022 drafti ilifanyika hapa hapa, ndani ya Bell Centre, uwanja wa Canadiens, na mimi nilikuwepo juu kabisa karibu na paa. Nilikuwa nimeandika Shane Wright wa kwanza, kwa kalamu nyekundu, nimepigia mstari. Walipomtaja Juraj Slafkovský nikashika kichwa kama mtu aliyesikia bei ya nyama. Nusu ya uwanja walishika vichwa pamoja nami, nusu wakaruka. Wright akaporomoka hadi namba 4. Tuligombana mwaka mzima, kambi ya Wright na kambi ya Slafkovský. Leo ukitazama msimu wa 2024-25, Slafkovský ana pointi 51, Wright ana 44, na Logan Cooley, aliyechaguliwa namba 3 katikati ya zogo letu bila mtu kumpigia kelele, ana 65.

Siku ya pili ya drafti ile ile, kwenye chaguo la 62, wakamchukua huyo Hutson. Daftari langu lina maneno mawili tu mbele ya jina lake: “mdogo mno”. Timu zote zilikuwa zimeona hivyo. Kijana alikuwa ametembea hata na barua ya daktari kuwaonyesha kwamba mifupa yake bado haijamaliza kukua. Hakuongezeka sana kimo. Akawa bora tu.

Tangu hapo nimebadili ninachoangalia. Kazi yangu, kama baadhi yenu mnavyojua, ni kuendesha ile mashine kubwa inayolainisha barafu katika uwanja mmoja wa mtaa. Nangoja mlangoni dakika tano za mwisho za kila mazoezi injini ikiunguruma, na hizo dakika tano, mara sita kwa siku, ndizo chuo changu. Zamani nilitazama kasi na mashuti. Sasa natazama shingo. Paki inapokuja, je, kijana amekwisha geuka kutazama nyuma ya bega kabla haijafika, au anaisubiri kwa macho kama mtu anayesubiri chai? Anayegeuza shingo mara mbili kabla ya kupokea, hata akiwa mwembamba kama fagio, namwandika. Hutson alikuwa wa hivyo. Nilikuwa nimetazama urefu wa mwili, sikutazama shingo.

Kwa Zharovsky, mwambie kijana wako apunguze moto. Alichaguliwa namba 34 mwaka 2025, na wengi wetu tulichokiona ni video za sekunde ishirini. Video ya sekunde ishirini haina mechi mbovu ndani yake. Namuweka wa tano, na nikikosea nitaandika humu.

Kitu kingine mwanao akiangalie ni mwezi wa kuzaliwa. Kwetu umri wa mchezaji ni mjadala wa kijiweni; huku cheti ndicho refa. Ili uchaguliwe mwaka fulani lazima uwe umetimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15. Auston Matthews alizaliwa Septemba 17, siku mbili zikamfanya angoje mwaka mzima, akachaguliwa wa kwanza 2016. Maana yake ndani ya drafti moja kuna vijana wanaopishana karibu mwaka, na mwaka katika miaka 17 ni mwingi, kama tofauti yako ulipokuwa kidato cha tatu na ulipofika cha nne. Hage, ambaye mwanao kamweka wa pili, ni wa Aprili 2006. Msimu wake wa kwanza Chuo Kikuu cha Michigan alipata pointi 34 katika mechi 33 akicheza na wanaume wa miaka 22 na 23. Nafasi ya pili anaistahili.

Basi orodha yangu ni Demidov, Hage, Reinbacher, kipa Fowler, Zharovsky. Mwanao amepata wawili wa juu, wewe umepata kwamba wa sita ni uonevu. Andikeni kila mtu yake, mtie kwenye bahasha moja, mama aifiche, mfungue 2028. Na chumvi pitishianeni kwa maneno.

SWALI: Mzee, habari ya huko. Niko Nairobi, nafuatilia hoki kwenye simu tu. Marafiki wananicheka, wanasema huo mchezo hauna mtu wetu. Je, amewahi kufika hata mmoja?
Msomaji, Nairobi West

JIBU: Amefika, na alifika kwa mlango wa nyuma. Johnny Oduya, beki, alizaliwa Stockholm mwaka 1981, baba yake Mkenya. Drafti ya 2001 Washington walimchagua namba 221. Mjue kwamba mtu wa namba hiyo hawekwi kwenye friji ya mtu yeyote. Hakupata hata mechi moja na Washington. Alirudi Sweden, akacheza huko miaka, akaingia NHL 2006 na New Jersey akiwa ametimiza miaka 25, umri ambao orodha zetu zimeshamfuta mtu. Akacheza mechi zaidi ya 800. Akabeba Kombe la Stanley mara mbili na Chicago, 2013 na 2015, na kati ya hapo akavaa medali ya fedha ya Olimpiki ya 2014 na Sweden. Hakuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mashuti na kuhakikisha mchezaji bora wa wapinzani anarudi nyumbani na njaa.

Daftari langu la 2015 lina orodha ya chipukizi ishirini wa ligi nzima. Juni ile Oduya aliinua kombe la pili. Nimejaribu kuhesabu wangapi katika wale ishirini wamelishika hata mara moja, nikaacha.

Na marafiki zako wakikucheka, wapeleke Panari, barabara ya Mombasa. Pale kuna uwanja wa barafu tangu 2005, mdogo kuliko wa kawaida, na ndipo Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, walipojifunzia. Mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL, na 2024 Kenya ikakubaliwa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Nenda uwatazame. Tazama shingo.

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni kipa wa timu ya shule, nina miaka 14. Kwa nini kwenye orodha za chipukizi makipa huwekwa chini kila mara?
Binti wa Laval

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Kwa sababu waandishi wa orodha tunawaogopa. Kipa hukomaa polepole na hukomaa ghafla. Mwaka huu anafungwa mabao ya kuchekesha, mwaka ujao hapitiki. Patrick Roy alichaguliwa namba 51 mwaka 1984. Jakub Dobeš tulionaye sasa alikuwa namba 136. Jacob Fowler alikuwa 69 mwaka 2023, na miaka miwili baadaye akachukua tuzo ya Mike Richter ya kipa bora wa vyuo vya Marekani. Carey Price ndiye aliyechukuliwa mapema, namba 5 mwaka 2005, na mji mzima ukauliza kipa wa nini tena. Miaka kumi baadaye alikuwa mchezaji bora wa ligi yote.

Halafu niandikie tena uniambie kinga yako ya goti la kushoto imekaa vipi. Makipa wengi wa umri wako ninaowaona mlangoni wanaifunga imelegea, na paki hupita hapo hapo.