Kiwango huria hakikunyang'anyi msimbo wako

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wawili tuna kampuni ndogo huku Ntinda, na kwa miaka mitatu tumekuwa tukitengeneza programu ya kutunza hesabu za vyama vya akiba na mikopo. Sasa imetoka zabuni inayotaka mfumo "unaofuata viwango huria". Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba tukiomba kazi hiyo itatubidi kuugawa msimbo wetu, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwa kila anayeutaka. Je, ni kweli? Na anayefuata kiwango huria anaweza kudaiwa na mwenye hataza, yaani haki ya kipekee juu ya uvumbuzi?
*Msomaji, Kampala*

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako amechanganya mambo mawili ambayo hata baadhi ya waandishi wa zabuni huyachanganya. Kiwango ni maelezo ya namna vitu viwili vinavyokutana. Hakisemi lolote juu ya kilichomo ndani ya kila kimoja. Itazame plagi ya pini tatu tunayoitumia nchini. Vipimo vyake vilitolewa Uingereza mwaka 1947, na leo pasi na birika za umeme zinazouzwa Kikuubo, zilizotoka kwa watengenezaji wasiojuana hata kidogo, huingia katika soketi ileile bila mtengenezaji yeyote kulazimishwa kueleza siri ya pasi yake. Zabuni inayodai viwango huria inataka taarifa za mwanachama ziweze kutoka kwenye mfumo wenu na kusomwa na mfumo wa mwingine, kwa njia iliyoandikwa na inayojulikana. Msimbo unabaki wenu, nao unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006. Ila isomeni zabuni kwa makini: ikiwa imeandikwa "msimbo huria", yaani programu ambayo maandishi yake yako wazi kwa wote, hilo ni dai jingine kabisa, na hofu ya mwenzako itakuwa na msingi.

Swali lako la pili ni gumu zaidi, na ndilo lililozua ubishi wa miaka mingi katika vikao vya sera ya intaneti. Hakimiliki hulinda maandishi ya programu, lakini hataza hulinda mbinu yenyewe, hivyo mtu anaweza kuandika kila mstari kwa mkono wake na bado akakanyaga hataza ya mwingine. Kiwango kikiandikwa kwa namna isiyowezekana kufuatwa bila kutumia mbinu hiyo, mwenye hataza anakuwa kama mwenye shamba ambalo njia ya kijiji kizima inapita ndani yake.

Mfano ulio maarufu ni wa picha za GIF. Zilitoka mwaka 1987, watu wakazitumia kila mahali, kisha mwishoni mwa 1994 kampuni ya Unisys, iliyokuwa na hataza ya mbinu ya kubana data iliyomo ndani yake, ikatangaza kwamba watengenezaji wa programu walipe ada. Wahandisi walikasirika, wakaunda aina mpya ya picha, PNG, isiyohitaji mbinu hiyo. Mwaka mmoja kabla, mambo mawili yalikuwa yametokea yanayoonyesha tofauti kati ya kudai ada na kuachilia bure: Chuo Kikuu cha Minnesota kilitangaza ada kwa baadhi ya watumiaji wa mfumo wake wa Gopher, uliotumiwa kutafuta na kusoma nyaraka kwenye intaneti, ilhali CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, tarehe 30 Aprili 1993, kiliachilia programu za msingi za Wavuti zitumiwe na yeyote bila malipo. Leo ni wachache wanaoikumbuka Gopher. Sisemi ada peke yake ndiyo iliyoiua, lakini ni vigumu kuamini kwamba haikuchangia.

Tangu hapo mashirika ya viwango yamefuata njia mbalimbali. W3C, linalosimamia viwango vya Wavuti, liliamua mwaka 2004 kwamba wanaoshiriki kuandika kiwango waahidi kutodai mrabaha kwa hataza ambazo kiwango hicho hakiwezi kufuatwa bila kuzigusa. Upande wa simu za mkononi, utaratibu uliozoeleka ni leseni yenye masharti ya haki, ya kiasi na yasiyobagua. Maneno hayo yanapendeza masikioni, lakini kiasi kwa nani? Mrabaha ambao kiwanda cha mamilioni ya simu hakiuhisi waweza kuifunga kampuni ya watu watatu wa Ntinda, na kwa programu inayogawiwa bure, ambayo hakuna anayehesabu nakala zake, hata shilingi moja kwa nakala haiwezi kukusanywa. Kwa maoni yangu, kiwango kinacholipiwa mrabaha kinaweza kuwa kizuri na cha lazima, lakini kisiitwe huria.

Kwa upande wenu, jambo la kutuliza moyo ni kwamba hataza ina mipaka ya nchi. Hataza iliyotolewa Marekani peke yake haina nguvu Kampala. Ili iwe na nguvu ni lazima iwe imetolewa kwa ajili ya Uganda, ama kupitia URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, ama kupitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali ya ubunifu lenye makao yake Harare, na muda wake hauzidi miaka 20. Lakini siku mtakapouza programu hiyo katika nchi nyingine, hesabu inaanza upya. Kwa hiyo mwandikieni mtoa zabuni mkamwomba ataje kila kiwango kwa jina na toleo lake, kisha mkaangalie kama shirika lililokitoa lina orodha ya hataza zilizotangazwa juu yake. Shirika la IETF, linaloandika viwango vya intaneti, kwa mfano, huwataka washiriki watangaze hataza zao wanazojua kwamba zinagusa kiwango kinachojadiliwa, ingawa lenyewe halithibitishi kama madai hayo ni ya kweli.

SWALI: Mimi ni karani wa shule. Mitihani tuliyoihifadhi miaka kumi na tano iliyopita haifunguki tena, kwa sababu programu iliyoiandika haipo sokoni. Tuhifadhije mipya?
*Msomaji, Gulu*

JIBU: Pole sana. Nyaraka mtakazohariri tena zihifadhini katika muundo wa ODF, uliokubaliwa kuwa kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2006 na unaofunguliwa na programu nyingi, zikiwemo za bure. Zilizokamilika zihifadhini kama PDF, ambayo nayo imekuwa kiwango cha ISO tangu 2008. Mitihani ya zamani jaribuni kuifungua kwa LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kwani inasoma miundo mingi iliyosahauliwa.

SWALI: Viwango hivi vinaamuliwa wapi, na je, Uganda inaulizwa?
*Msomaji, Mbale*

JIBU: Inategemea ni kiwango gani. Katika ISO kila nchi huwakilishwa na shirika lake la viwango, nasi tunawakilishwa na UNBS. Katika IETF hakuna nchi wala kadi ya uanachama: anayejiunga na mjadala kwa barua pepe anahesabiwa kama mtu, na nyaraka zote husomwa bure, tofauti na ISO ambako nyaraka nyingi huuzwa. Suala la viwango huria lilifika pia katika Jukwaa la Utawala wa Intaneti la Umoja wa Mataifa, lililokutana mara ya kwanza Athens mwaka 2006, lakini jukwaa hilo hujadili tu, haliamui.

Mlango wa IETF uko wazi kweli, ila mjadala wote ni wa Kiingereza, na wanaoingia kila siku ni wale ambao kampuni zao huwalipa mshahara kwa kazi hiyo. Mwanafunzi wa uhandisi wa Mbale au Makerere anaweza kuanza kwa kuchagua kikundi kimoja tu cha kazi na kusoma kumbukumbu zake za miezi michache kabla ya kuandika neno. Akigundua kwamba pendekezo fulani halifanyi kazi kwenye mtandao unaokatika-katika kama wetu, na akaonyesha kwa majaribio, atasikilizwa bila kuulizwa ametumwa na nani.