Kuchanganya Bidhaa na Kurudishiwa Mali: Dharma, Sheria ya Maadili ya Kihindu, Yasemaje?

SWALI: Namaste, Panditji. Nina duka la nafaka na viungo Mombasa. Jirani yangu huchanganya mbegu kavu za papai na pilipili manga, asema wateja hawalalamiki. Mimi niliuza choroko za kupanda. Siku ya nane mteja amezirudisha, hazikuota. Nimrudishie fedha?

JIBU: Namaste, ndugu yangu. Mrudishie zote.

Yajnavalkya, mtunga sheria wa kale wa Kihindu, aliwekea kila mali siku za mnunuzi kuikagua: chuma siku 1, mnyama wa maziwa 3, wa mizigo 5, vito 7, mbegu 10. Chuma aibu yake yaonekana papo hapo, lakini mbegu husema ukweli ikiwa ardhini. Siku ya nane bado ni haki ya mteja. Na Manu, mtunga sheria mwingine wa kale (sura 9, aya 291), ahesabu kuuza kisicho mbegu kwa jina la mbegu kuwa kosa zito mno, kwani mkulima hupoteza msimu mzima. Kabla hujauza tena, tandaza punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, uzihesabu baada ya siku 5. Zikiota chache, na hazijatiwa dawa, ziuze kama chakula.

Usichanganye hili na mnunuzi aliyejuta tu. Narada, naye mtunga sheria wa kale, amruhusu kurudisha mali nzima siku ileile bila hasara. Siku ya pili akatwe 1/30 ya bei, ya tatu mara mbili yake, kisha basi. Manu (8:222) ni mpole zaidi: siku 10 za kughairi, kwa muuzaji na mnunuzi.

Ya jirani yako yanasikitisha. Manu 8:203 yakataza kuuza kilichochanganywa kana kwamba ni halisi, na pia kuuza kibovu, kilichopunjwa au kilichofichwa. Aya haiulizi kama mteja amelalamika. Garam masala nayo ni mchanganyiko, ila huuzwa kwa jina lake, haina dhambi. Kwa kuchakachua dawa, mafuta, chumvi, manukato, nafaka au sukari guru, Yajnavalkya alitoza faini ya pana 16, sarafu za kale za India.

Mizani nayo: mfalme aliamriwa kuikagua upya kila miezi 6 (Manu 8:403). Wewe usingoje mkaguzi. Kila asubuhi futa sahani, maana vumbi la unga humpunja mteja, kisha ijaribu kwa jiwe la kilo 1 lenye muhuri.