Nanosilika kwenye udongo wa mfinyanzi: pima nguvu baada ya barafu

Ukijenga barabara Winnipeg, Kanada, huna pa kuukimbia udongo wa mfinyanzi. Ni mashapo ya Agassiz, ziwa kubwa la kale lililojazwa na maji ya barafu kuu iliyokuwa ikiyeyuka. Nafanya kazi kwenye maabara ya udongo hapa, na vijana wenzetu wanaosomea uhandisi huniuliza sana kuhusu nanosilika, yaani chembe ndogo mno za silika zinazochanganywa na udongo ili kuuimarisha, wengine wakiamini imekuja kuchukua nafasi ya chokaa na saruji.

Nawasihi: msifurahie peke yake nguvu ambayo sampuli ya udongo uliochanganywa huonyesha ikifikisha siku 28. Sampuli iliyotunzwa kwenye chumba cha joto bado haijaonja baridi. Igandishe na kuiyeyusha mara 12 hivi, chini yake pawe na maji ya kunyonya, ndipo uivunje kwenye mashine. Nimeona sampuli zilizolingana kabla ya barafu zikaachana mbali baada yake.

Hayo maji ya chini ndiyo yenye kesi. Wengi hudhani ardhi huinuka wakati wa baridi kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9. Karibu miaka 100 iliyopita, mwanajiolojia wa Marekani Stephen Taber alilowesha udongo kwa benzeni, ambayo husinyaa ikiganda, na udongo ukainuka vilevile! Kinachoinua ni matabaka ya barafu yanayovuta unyevu kutoka chini na kuzidi kunenepa. Kwa hiyo chimba mitaro kwanza, ukate njia ya maji. Hakuna dawa itakayofidia mtaro ambao haukuchimbwa.

Nanosilika yenyewe ina kazi nzuri. Chembe zake, ndogo kuliko nanomita 100, hukutana na kalsiamu ya chokaa au saruji zikafanya utando unaogandamanisha udongo na kuziba vitundu vyake. Bila chokaa wala saruji, usiitegemee sana. Ukizidisha, chembe hushikana mabonge na mchanganyiko hudai maji zaidi. Mimi huchagua ya majimaji, inayokorogwa kwenye maji ya kuchanganyia. Ya unga hupeperuka, na mapafu hayana vipuri.

Halafu kuna kalenda. Chokaa hufanya kazi polepole mno joto likishuka chini ya nyuzi 5. Mkandarasi akija Septemba akitaka kuanza, mimi humshauri asubiri hadi kiangazi kijacho, hata kama nanosilika imeshanunuliwa.